Mvua Isiyonyesha: Namna ya Kumsaka Anayekipindua Kipimamvua Chako

Skrini ya kituo chako cha hali ya hewa cha nyumbani inasema imenyesha milimita 1.4, na nje vumbi linatimka. Wengi hukimbilia ngazi na bisibisi. Ni mapema mno. Fungua kwanza kumbukumbu za kituo, uone mvua hiyo ilihesabiwa saa ngapi, na kati ya hesabu moja na inayofuata palipita muda gani. Upepo, umande, waya iliyolowa na mjusi kila kimoja kina mwandiko wake katika muda, na mwandiko huo hufutika pale unapoanza kugusagusa kipimo, kwa sababu kila ukikigusa nacho kinahesabu mvua.

Kinachohesabiwa hasa

Vipimamvua vingi vya nyumbani vina faneli juu na, chini yake, kibembea cha plastiki chenye vijibakuli viwili. Kimoja kikijaa kinaelemewa, kinashuka na kumwaga maji, na mwenzake anapanda kupokea zamu. Sumaku iliyopachikwa kwenye kibembea hupita mbele ya swichi ndogo ya kioo; swichi inafunga mkondo wa umeme kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kituo kinaongeza moja. Moja hiyo huhesabiwa kuwa milimita 0.2, au 0.254 (yaani inchi 0.01), au 0.3, kutegemea aina ya kifaa.

Kwa hiyo chochote kinachoweza kukitikisa kibembea, kuisogeza sumaku au kuugusanisha mkondo wa swichi ni mvua mbele ya kituo.

Kasi ya mvua inayoonyeshwa kwenye skrini kwa kawaida hutokana na muda kati ya mipinduko miwili ya kibembea. Kwa kipimo cha 0.2 hesabu ni 0.2 × 3600 ÷ sekunde zilizopita. Sekunde 60 ni milimita 12 kwa saa. Sekunde 10 ni 72. Sekunde 1 ni 720. Ukikuta kasi ya 720 huku jumla ya siku nzima ni 0.4, usihangaike na mawingu: kibembea kilirushwa, au swichi iliguswa mara mbili.

Weka kumbukumbu kila dakika moja au tano kama kituo kinaruhusu. Za kila saa hazitakusaidia katika kazi hii. Halafu fungua kwa pamoja grafu za unyevu wa hewa, joto na upepo. Mvua ya kweli huja na unyevu unaopanda na joto linaloshuka. Mvua inayodai kunyesha unyevu ukiwa asilimia 35 na jua kali ni ya kutilia shaka.

Mpinduko mmoja alfajiri

Huu ni umande, na kipimo hakina kosa. Usiku wa anga isiyo na mawingu na hewa tulivu, faneli hupoa kuliko hewa iliyoizunguka na mvuke hugeuka matone juu yake. Kiasi chake ni sehemu za kumi za milimita, hivyo kwa kawaida utaona 0.2 peke yake, karibu na mapambazuko au jua linapoanza kuyalegeza matone yateremke. Kijibakuli kikiwa na mabaki ya mvua ya jana, hata umande mdogo hutosha kukipindua. Ukungu mzito hufanya vivyo hivyo. Penye baridi kali, sakitu na theluji huyeyuka mchana na kuleta mvua ya saa sita wakati mbingu ni buluu. Ikiwa theluji ilianguka usiku, kiasi ni cha kweli ila saa ndiyo ya uongo.

Umande hautibiwi. Andika pembeni kwamba ni umande, basi.

Mipinduko inayokuja na upepo

Linganisha saa za mipinduko na saa za upepo mkali. Zikioana, nguzo inatetemeka. Kosa la kawaida ni kufunga kipimamvua kwenye mlingoti mmoja na kipimaupepo: kipimaupepo kinataka kuwa juu na kinavumilia kutikiswa, kipimamvua kinataka chini na utulivu.

Jaribio ni rahisi. Ikiwa kijibakuli kimoja kina maji nusu, shika nguzo uitikise kwa mkono jinsi upepo ungeifanya, huku mtu mwingine akitazama skrini. Kikihesabu, umempata. Kijibakuli kikavu ni kigumu zaidi kupinduka, kwa hiyo usijaribu kikiwa tupu ukaridhika. Tiba ni nguzo fupi na nene, iliyozikwa na kushindiliwa kwa zege, au waya tatu za kuivuta pande zote. Kipimamvua kihamie nguzo yake chenyewe.

Watu wa familia hii ya mtikiso ni wengi, na upepo ni mmoja wao tu. Kipimo kilichopigiliwa kwenye uzio huhesabu kila lango linapobamizwa. Kuna kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo hiyohiyo. Kuna mpira wa watoto. Ndege mzito akitua kwenye ukingo wa faneli hutosha, na huyu utamjua kwa kinyesi alichoacha. Dalili ya mtikiso ni mipinduko miwili au mitatu ndani ya sekunde chache, kisha kimya kirefu.

Mvua yenye ratiba

Mvua ikianza saa 11:00 jioni barabara kila Jumanne na Ijumaa, tafuta mtambo wa kunyunyizia bustani, wako au wa jirani. Mwandiko wake ni nadhifu kupita mvua yoyote: unaanza ghafla, unakwenda kwa kasi isiyobadilika na unakoma ghafla. Mara nyingi utaona mashimo ya muda yanayolingana, kwa kuwa kichwa cha mtambo kinazunguka na kurudi. Siku ya upepo matone hufika mbali kuliko unavyoona kwa macho, hivyo usimwachilie mshukiwa kwa kuwa jana nyasi za karibu zilikuwa kavu.

Angalia pia bomba la kumwagia maji ya ziada kutoka tangi lililo juu ya paa, tone la kiyoyozi, na mfereji wa bati unaovuja. Tangi linalofurika kila pampu inapowashwa lina ratiba yake pia, ila inafuata matumizi ya maji ya nyumba wala si saa ya ukutani.

Kipimo kilicho chini sana kina hatari moja zaidi, na mwenye mbwa dume ameshaielewa.

Mvua inayoendelea baada ya mvua kwisha

Hapa ndipo watu hupotea zaidi, kwa sababu jumla inaweza kuwa sahihi kabisa huku kila kitu kingine ni uongo. Jani moja, petali, au kinyesi cha ndege kilicholainika kikikaa kwenye tundu la faneli, maji hayapiti bali yanajipenyeza. Mvua kubwa ya dakika 20 inageuka matone ya muda wa saa sita. Kwenye grafu utaona mstari ulionyooka: mipinduko yenye nafasi karibu sawa, inayorefuka polepole kadiri kina cha maji kwenye faneli kinavyoshuka. Mawingu hayanyeshi kwa mpangilio wa namna hiyo.

Uzibaji ukiwa kamili, kipimo kinasoma sifuri siku ya gharika. Kisha siku mbili baadaye, anga kavu, jani linanyauka na kusogea, na maji yote yanashuka kwa mpigo. Hapo unapata mvua kubwa ya mchana wa jua. Kati ya siku hizo mbili sehemu imeshageuka mvuke, na ndege wamekunywa na kuoga, kwa hiyo hata jumla si ya kuaminika tena.

Usichokonoe tundu kwa waya ya chuma. Ukilipanua, matone yanaanguka mahali pasipofaa kwenye kibembea. Ondoa faneli, isukume takataka kutoka chini kwenda juu kwa kijiti cha mbao au pamba ya masikio, suuza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha ondoa sabuni yote. Kama kuna kichujio cha plastiki, hakikisha umekirudisha. Miti ikiwa karibu, fanya hivyo kila mwezi na mara mbili zaidi msimu wa kupukutisha majani. Mti unaoning'inia juu ya kipimo nao hudondosha maji muda mrefu baada ya mvua kukatika, lakini hiyo ni hoja ya kuhamisha kipimo, na hakuna kusafisha kutakakoifuta. Kanuni ya chini ya kuweka kipimo ni kuwa mbali na kizuizi chochote mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho kutoka usawa wa mdomo wa faneli.

Kibembea kinachochechemea

Angalia muda kati ya mipinduko katika mvua tulivu. Ukiona sekunde 40, 62, 41, 60, 39, 63, yaani fupi, ndefu, fupi, ndefu, basi upande mmoja unapinduka mapema na mwingine unachelewa. Ama kipimo kimeinama, ama kuna uzito upande mmoja.

Kipenyo cha faneli kikiwa sentimita 16.5, mpinduko wa milimita 0.2 ni karibu mililita 4.3 za maji, yaani gramu 4.3. Nusu gramu ya tope lililogandia mwishoni mwa kijibakuli ni zaidi ya asilimia 10 ya uzito huo. Nyigu wa udongo hujenga hapo kwa furaha. Sisimizi huleta chembe moja moja hadi inakuwa kichuguu. Katika mvua ndefu makosa ya pande mbili hufidiana kwa sehemu kubwa, lakini kasi inadanganya, na uzito ukizidi upande mmoja hautapinduka tena kabisa. Utando wa buibui hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: nyuzi mbili tatu zinakifunga kibembea kwenye ukuta wa kasha, nacho kinahitaji maji mengi zaidi kabla ya kuponyoka.

Mjusi ni habari tofauti. Akifanya makao ndani ya kasha, anakisukuma kibembea anapopita, na utaona mipinduko ya hapa na pale nyakati za usiku bila mpangilio, unyevu ukiwa wa kawaida na upepo haupo.

Safisha vijibakuli kwa maji na brashi laini ya meno. Usipake mafuta, usipake grisi, wala usipulize dawa ya wadudu ndani yake: utando wa mafuta hubadili jinsi maji yanavyoshikamana na plastiki, na kipimo chako hakitarudi kuwa kilekile. Kwenye matundu ya kutolea maji chini weka wavu wenye macho ya milimita 1 hadi 2. Wavu laini kuliko huo utazuia maji yasitoke, na maji yakipanda ndani ya kasha kibembea kinaogelea. Kisha weka pimamaji juu ya ukingo wa faneli, pande mbili zinazokingamana, na pia kwenye kitako chenyewe, maana faneli inaweza kukaa sawa juu ya kitako kilichoinama.

Swichi, kebo na umeme wa watu

Mipinduko ikija wakati wa radi peke yake, kabla hata tone halijaanguka, mshukiwa ni kebo. Kebo ndefu ni antena. Radi ya jirani, uzio wa umeme, au redio yenye kurusha mawimbi kwa nguvu huingiza mkondo mdogo, na kituo kinauchukulia kuwa swichi imefunga. Uzio wa umeme hupiga takribani mara moja kila sekunde, kwa hiyo mwandiko wake ni wa kushangaza: hesabu zenye mapigo sawa kama saa, na kasi inayokaribia ile 720 tuliyoitaja.

Njia ya kuthibitisha ni kugawa nusu kwa nusu:

1. Chomoa kebo upande wa kituo. Subiri muda ambao kwa kawaida ungepata mvua ya uongo. Ikiendelea, tatizo liko kwenye kituo chenyewe au kwenye mawasiliano yake.
2. Ikikoma, chomeka tena upande wa kituo na uitenganishe upande wa kipimamvua. Ikirudi, kebo au plagi ndiyo yenye hatia.
3. Ikikoma tena, basi ni swichi, sumaku au mtikiso.

Plagi ndogo za mtindo wa simu ni dhaifu kwa maji. Unyevu ukiingia, nyaya mbili zinagusana kupitia tone lenye chumvi na kutu, na mipinduko hutokea baada ya mvua ya kweli au katika usiku wenye unyevu, kisha inapotea jua likikausha. Tazama kama meno ya shaba yamekuwa ya kijani. Kata plagi, weka mpya, iache kebo ining'inie kama herufi U kabla ya kuingia kwenye kasha ili maji yadondokee chini ya mkunjo, wala yasifuate kebo hadi ndani. Kebo ya ziada usiizungushe ukaifunga kama koili, ifupishe. Kama kelele ya umeme inatoka nje, kebo yenye ngao (iliyovikwa wavu wa chuma) na shanga ya feraiti (pete ya kukaba kelele hiyo) karibu na kituo husaidia.

Swichi iliyochoka nayo huruka: inafunga, inaachia, inafunga tena ndani ya mpinduko mmoja. Mvua yako inakuwa karibu mara mbili ya ile ya kweli. Ili kuikagua, toa betri, tenganisha kebo na uweke multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye mlio wa kukagua waya. Sogeza kibembea polepole kwa kidole. Mlio usikike kinapopita katikati, unyamaze kikiwa kimelala upande wowote. Ukilia kikiwa kimelala, sumaku imehama au swichi imekwama. Usipolia kabisa, tazama kama sumaku imebanduka na kuanguka chini. Swichi ya sumaku ni sehemu ndogo na si ghali. Ibadilishe, lakini kunja miguu yake kwa kuishika na koleo karibu na kioo, la sivyo kioo kinapasuka. Kapasita (kijisehemu cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 0.1 sambamba na swichi hutuliza mruko mdogo. Swichi iliyokufa haifufui.

Jaribio la maji

Lifanye baada ya kusafisha na kusawazisha, siyo kabla. Pima kipenyo cha ndani cha mdomo wa faneli kwa sentimita. Kipenyo × kipenyo × 0.785 hukupa mililita za maji zinazolingana na milimita 10 za mvua. Kwa sentimita 16.5 ni mililita 214. Mdomo wa mstatili, zidisha urefu kwa upana.

1. Pima maji hayo kwa mizani ya jikoni. Gramu moja ni mililita moja.
2. Yaweke kwenye chupa yenye tundu la sindano kwenye kifuniko, na tundu lingine dogo kitakoni ili hewa iingie. Rekebisha hadi idondoshe karibu matone 100 kwa dakika.
3. Lowesha faneli kwa maji mengine mpaka kibembea kipinduke mara moja, ndipo uanze kuhesabu.
4. Ning'iniza chupa juu ya faneli. Kwa kasi hiyo itachukua kama dakika 40.

Kipimo cha 0.2 kinapaswa kutoa mipinduko 50, cha 0.254 kama 39. Kati ya 48 na 52 kwa kile cha 0.2, kiache kilivyo. Ukimwaga haraka utapata pungufu, na kosa si la kipimo: wakati kibembea kinapinduka maji yanaendelea kushuka kwenye kijibakuli ambacho tayari kimejaa. Ndiyo sababu vipimo hivi husoma pungufu kidogo katika mvua kali sana.

Pungufu halisi hurekebishwa kwa skrubu mbili zilizo chini ya kibembea. Kuzipandisha hukifanya kipinduke mapema, hesabu inaongezeka; kuzishusha hupunguza. Robo mzunguko kila upande, sawasawa, kisha rudia jaribio lote. Ukipata karibu 100 badala ya 50, rudi kwenye swichi; skrubu hazihusiki. Na sifuri tupu kwenye kituo kipya mara nyingi ni ile kamba ya plastiki au sifongo iliyokizuia kibembea safarini na haikuondolewa.

Makosa yaliyo kwenye mipangilio

Kituo kikidhani mpinduko ni 0.254 wakati ni 0.2, mvua yote itazidi kwa asilimia 27, kila siku, bila kuyumba. Kinyume chake, itapungua kwa asilimia 21. Kosa lenye uwiano usiobadilika ni la hesabu, si la plastiki. Namba ya marekebisho iliyowekwa mara mbili, kwenye skrini na tena kwenye programu ya kompyuta, ni ndugu yake.

Rundo kubwa la mvua dakika ileile ulipobadilisha betri ni kihesabu kilichoanza upya, programu ikasoma tofauti kati ya namba ya zamani na mpya kama mvua. Na jirani akinunua kituo cha aina kama yako kikatumia namba ileile ya utambulisho wa redio, mvua zenu zitachanganyika. Joto nalo litarukaruka, hivyo si vigumu kumgundua. Badilisha namba kwenye kimoja.

Tofauti ya siku moja tu kati yako na kituo rasmi kilicho karibu huenda ni saa ya kufunga siku: chako kinafunga usiku wa manane, vituo vingi vya kupima kwa mkono hufunga asubuhi.

Vipimo visivyo na kibembea

Vile vinavyosikiliza mgongano wa matone kwenye sahani havina faneli ya kuziba wala buibui wa kufunga kitu, lakini huchukulia mtikiso wowote kuwa tone. Ndege anayetembea juu yake, matone mazito ya mti, nguzo inayotetemeka, mvua ya mawe: vyote huzidisha. Manyunyu mepesi hayana nguvu ya kusikika, hivyo hupungua. Umande hauvisumbui. Jaribio la chupa halifai kwao. Vilinganishe na kipimo cha mkono kwa mvua kadhaa za aina tofauti.

Kipimo hicho cha mkono, bomba la plastiki lenye mistari na mdomo wa sentimita 10, kinafaa kusimama mita moja au mbili kutoka kwenye kituo chochote. Kisome kila asubuhi saa ileile, umwage, uandike. Tofauti chini ya asilimia 10 katika mvua ya wastani usiifukuzie. Ikizidi hapo mara tatu mfululizo, fungua tena kumbukumbu za dakika. Na unaposafisha, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, ili mipinduko ya vidole vyako uifute kwenye kumbukumbu jioni ileile ungali unakumbuka ni ipi.